Hombolo, kijiji cha zabibu: cha kuona, cha kunywa na cha kuepuka

Hombolo iko takriban kilometa 40 kaskazini-mashariki mwa jiji la Dodoma, na inastahili siku nzima ya mtu anayependa kujua mvinyo unatoka wapi. Kwa upande wa mashamba na kazi za mikono tunaipa alama za juu kabisa. Kwa upande wa mvinyo alama zinapanda na kushuka, kwa sababu chupa nzuri na chupa iliyoharibika zinaweza kutoka nyumba mbili zinazopakana, zilizonunua zabibu za shamba moja. Huduma za mgeni bado ni chache: usitegemee vyumba vya kuonjea vilivyopambwa, vibao vya kuelekeza wala mwongoza watalii anayekungoja kituoni. Hiki ni kijiji cha wakulima walio kazini, na ukikiingia kwa heshima hiyo kitakufungulia milango.

Kabla ya yote, elewa jambo moja ambalo ndilo linaloamua ubora wa kila kitu utakachokiona hapa. Zabibu ikishakatwa kwenye mzabibu, joto na muda ndio maadui wake. Saa ngapi zimepita tangu ikatwe, na imekaa kwenye joto gani? Ukiwa na maswali hayo mawili utaelewa kwa nini mkulima anaamka alfajiri, kwa nini mnunuzi anayechelewa ni hasara, kwa nini mvinyo wa tangi moja una harufu ya matunda na wa jirani yake unanuka siki.

Kufika si kazi ngumu. Kutoka Dar es Salaam, treni ya SGR imekuwa ikifika Dodoma tangu katikati ya mwaka 2024. Kutoka mjini Dodoma unashika barabara ya Dar es Salaam hadi Ihumwa, kisha unachepuka kuelekea kaskazini. Anayetumia usafiri wa umma atapata magari ya abiria ya kwenda Hombolo, lakini aulize mapema gari la mwisho la kurudi linaondoka saa ngapi, maana jioni magari hupungua. Ondoka mjini saa kumi na mbili asubuhi. Uvunaji hufanyika asubuhi na mapema, na ikifika saa nne jua limeshachachamaa, wavunaji wamehamia kivulini na wewe utakuta makreti tu.

Miezi ya kwenda ni kuanzia mwishoni mwa Julai hadi Septemba. Huo ndio msimu mkubwa. Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, kisha kiangazi kirefu kikavu. Zabibu zinazoivia kiangazi hupata jua la kutosha, usiku wa baridi wa Juni na Julai, na hewa kavu isiyolea ukungu. Mavuno ya pili, ya Februari na Machi, huivia kwenye mvua, na matatizo yake tutayaeleza chini.

Historia ya kijiji unaweza kuisoma kwa macho ukitembea, mradi ujue pa kuangalia. Anza na bwawa. Bwawa la Hombolo lilijengwa mwaka 1957, wakati wa Waingereza, kwenye mto Kinyasungwe Mdogo. Ugogo ni nchi ya ukame na wazee hawajasahau njaa. Ile iliyoitwa Mtunya, mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza na mara baada yake, iliua watu wengi na mifugo mingi. Kwa hiyo bwawa lilikuwa tumaini kubwa. Mwaka huohuo wa 1957 ndio unaotajwa kuwa mwaka ambao wamisionari Wakatoliki kutoka Italia waliingiza mizabibu Dodoma, upande wa pili wa mji, Bihawana kwenye barabara ya Iringa. Walihitaji divai ya misa, na wakagundua kwamba mmea uliozoea nchi za baridi unakubali ardhi ya kichanga na kiangazi cha Ugogo.

Usidhani, hata hivyo, kwamba bwawa ndilo linalonywesha mizabibu yote. Maji yake yana chumvi, na chumvi huongezeka kadiri kiangazi kinavyokausha maji na kuacha madini nyuma. Mzabibu hauvumilii chumvi nyingi. Ukipita shambani ukaona majani ambayo kingo zake zimekauka na kuwa kahawia huku katikati yakiwa bado ya kijani, na hakuna dalili ya ukungu, mara nyingi hiyo ni chumvi. Pia bwawa linajaa tope linaloletwa na makorongo. Wakulima wengi hutegemea mvua iliyohifadhiwa ardhini, na wenye uwezo huchimba visima na kutandaza mipira ya matone. Hata maji ya kisima hupimwa chumvi kabla ya kuwekeza, na asiyepima hujuta baada ya miaka miwili, miche ikianza kudumaa.

Angalia pia jinsi makazi yalivyokaa kwa kukusanyika. Zamani kaya za Wagogo zilitawanyika, kila tembe na zizi lake na mashamba yake jirani. Operesheni Dodoma ya mwaka 1971, katika siasa ya vijiji vya ujamaa, iliwakusanya watu wa mkoa huu pamoja, na matokeo yake mashamba mengi yakawa mbali na nyumba. Kwa mkulima wa zabibu umbali huo si jambo dogo: ndege na wezi hawalali, na mtu hulazimika kujenga kibanda shambani na kulinda wiki kadhaa kabla ya kuvuna.

Kisha ikaja enzi ya kiwanda cha umma cha DOWICO mjini Dodoma, kilichonunua zabibu na kuzipa soko la uhakika. Kiwanda kilipoyumba na kufungwa, soko lilikufa. Wapo waliong'oa mizabibu wakarudi kwenye mtama, uwele na karanga. Ufufuo wa Hombolo ulianza mwanzoni mwa miaka ya 2000, mwekezaji Mwitaliano alipojenga hapa kiwanda cha CETAWICO, chenye matangi ya chuma yanayopozwa. Pamoja nacho zilikuja mbegu za zabibu za Italia kama Aglianico na Teroldego, zikakaa jirani na Makutupora nyekundu, Syrah na Chenin Blanc. Ukitaka kuingia kiwandani, hapo au kwingineko, omba ruhusa siku kadhaa kabla. Msimu wa kukamua watu hawana muda wa mgeni aliyetokea tu getini.

Sasa shambani, ambako ndiko penye utamu wa safari hii. Mwombe mwenyeji wako, au ofisi ya kijiji, ikukutanishe na mkulima atakayekubali kuonyesha, na mpe malipo ya muda wake mliyokubaliana kabla ya kuanza. Mwambie akuonyeshe kupogoa. Ulaya baridi huulaza mzabibu, nao huamka wenyewe masika. Dodoma iko nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta na hakuna baridi ya kutosha kuulaza, kwa hiyo mkasi ndio unaoamua. Mkulima hukata tawi lililokomaa na kuacha kisiki kifupi chenye macho mawili au matatu. Siku chache baadaye macho huvimba, kisha huchipua, na chipukizi hutoka na vishada vidogo vya maua tayari. Kuanzia kupogoa hadi kuvuna ni takriban miezi minne. Anayepogoa Aprili huvuna Agosti. Anayepogoa Oktoba huvuna Februari. Ndiyo maana mavuno ni mawili kwa mwaka, na ndiyo maana mashamba mawili yanayopakana yanaweza kuwa katika hatua tofauti kabisa.

Tazama mkato kwa karibu. Mkato mzuri umepita juu ya jicho kwa kiasi cha unene wa kidole, umelala mshazari upande usio na jicho ili utomvu na maji visitiririkie jichoni, na ubao wake ni wa kijani kibichi ndani. Ukiona kahawia kavu, tawi limekufa hapo na mkulima atashuka chini zaidi hadi apate kijani. Mkasi butu huponda badala ya kukata, na kidonda kilichopondwa huingiza ukungu. Kosa jingine la kawaida ni huruma: kuacha macho mengi kwa kutamani vishada vingi. Mzabibu uliobeba kupita kiasi huchelewa kuiva, sukari haipandi, na msimu unaofuata huchipua kinyonge.

Angalia na nguzo. Mchwa wa Dodoma hula nguzo za miti isiyotiwa dawa, shamba likalala chini pamoja na waya wake katikati ya msimu. Wenye uzoefu hutumia nguzo zilizotiwa dawa, za zege au miti migumu, na gharama hiyo ya nguzo na waya ndiyo inayowakwamisha wengi kuanza, kuliko bei ya miche. Miche yenyewe ni pingili za macho matatu au manne zilizooteshwa kitaluni, na mavuno ya kwanza ya maana huja baada ya mwaka mmoja na nusu hadi miwili.

Magonjwa mawili utayaona hata kama hakuna atakayekutajia. Ubwiri unga hutanda unga mweupe wa kijivu juu ya majani na punje. Punje iliyoshikwa hupasuka na kuoza. Ubwiri vinyoya huanza kwa madoa ya manjano yanayong'aa juu ya jani, na ukiligeuza jani unakuta vinyoya vyeupe chini yake. Wa kwanza hudhibitiwa kwa salfa, wa pili kwa dawa za shaba, zote zikipigwa kabla ugonjwa haujaenea. Huu wa pili hupenda maji, na ndio unaoyapiga mavuno ya Februari na Machi: mvua huosha dawa, mkulima hurudia kupiga, gharama hupanda, na punje hunywa maji zikawa kubwa zenye sukari kidogo. Kwa sababu hiyohiyo usichume na kula papo hapo. Uliza dawa ilipigwa lini, nunua kwa mwenye shamba, osha kwa maji safi.

Mavuno yenyewe hufanywa kwa mkasi, kishada kwa kishada, kuwekwa kwenye kreti za plastiki zisizojazwa hadi juu, ili za juu zisiponde za chini. Mnunuzi makini hupima utamu kwa kifaa kidogo cha mkononi: tone moja la juisi kwenye kioo, unatazama mwangani na kusoma kipimo cha Brix. Kwa mvinyo wa kawaida hutakiwa 20 au zaidi. Omba utazame. Ukishasoma 17 na 22 za mashamba mawili na kuonja punje zake, hutahitaji maelezo zaidi.

Hapa ndipo penye uchungu wa kijiji. Zabibu za watu wengi huiva pamoja, na viwanda vina nafasi yenye kikomo. Gari la mnunuzi likichelewa, kreti zinakaa. Zabibu ya Agosti iliyokatwa saa moja asubuhi na kusubiri juani hadi alasiri imeshapoteza uzito, punje zilizopasuka zimeanza kuchacha, nzi wa siki wamefika, na mkulima hana budi kupokea bei yoyote. Dawa iliyopatikana ni kukamua hapohapo kijijini na kuuza mchuzi wa zabibu, yaani mvinyo ambao haujakamilishwa, kwa viwanda vinavyoumalizia na kuufunga. Mchuzi unaweza kusubiri miezi ambayo tunda halina. Tunaunga mkono kwa moyo wote jitihada hizi, na mgeni anayenunua kwa wakamuaji wadogo waliosajiliwa anawasaidia moja kwa moja.

Lakini nunua kwa kujua. Ukamuaji wa kijijini kwa kawaida huenda hivi: zabibu huchambuliwa na kuondolewa vikonyo, hupondwa kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono, hutiwa dawa ya salfa kidogo kuua vijidudu visivyotakiwa, kisha hamira ya mvinyo. Kilo moja ya zabibu hutoa lita 0.6 hadi 0.7. Zabibu nyekundu huchachushwa pamoja na maganda ili kupata rangi, na maganda yanayopanda juu husukumwa chini mara mbili au tatu kwa siku. Kila gramu 17 za sukari katika lita hutoa asilimia moja ya kileo. Baada ya wiki moja au zaidi hukamuliwa, hutulia, na huhamishwa kuacha mashapo.

Panapoharibika ni pale pale, kwenye joto na muda. Uchachushaji wenyewe hutoa joto, na tangi la plastiki lililokaa chini ya bati saa nane mchana hupita nyuzi 32 kirahisi. Hamira huchoka na kufa kabla sukari haijaisha, mvinyo unabaki mtamu usiotulia, na bakteria wa siki wanapata nafasi. Mkamuaji mzuri utamjua kwa jengo lake kabla ya kuonja: paa lenye dari, kuta nene, kivuli, sakafu iliyolowanishwa, matangi yaliyojaa hadi mdomoni bila nafasi ya hewa, na kipimajoto kinachotumika. Ukikuta tangi nusu tupu lililofunikwa kwa kitambaa, shukuru na uendelee na safari.

Unapoonja, anza na mvinyo mkavu, usianze na mtamu. Sukari huficha makosa mengi, na mkavu hauna pa kujificha. Nusa kwanza: harufu ya siki au ya gundi ni alama ya kwamba umeharibika, na ya kiberiti kilichowashwa maana yake salfa imezidi. Mweupe uliogeuka rangi ya chai umeingiwa na hewa. Uliza zabibu ni za msimu gani, zilikamuliwa saa ngapi baada ya kukatwa, na chupa ilifungwa lini. Anayejibu bila kusita ana daftari, na mwenye daftari mara nyingi ana mvinyo mzuri.

Chaguo letu la kwanza Hombolo ni Chenin Blanc mkavu. Mbegu hiyo hutunza uchachu wake hata kwenye joto, kwa hiyo mvinyo wake hubaki na uhai mdomoni. Makutupora nyekundu ina rangi nzito na matunda ya kutosha, lakini ikiachwa kuiva kupita kiasi hupwaya, na wengi huifidia kwa sukari. Syrah, ikipata mkamuaji mwangalifu, inaishinda.

Chupa ya kununua iwe na nembo ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), stempu ya kodi na jina la mtengenezaji. Soma pia zilikotoka zabibu: ushuru wa bidhaa ni mdogo kwa mvinyo wenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za nchini, na mtengenezaji halali hana sababu ya kulificha hilo. Usinunue mvinyo uliopimwa kwenye chupa ya maji. Kisha ulinde njiani. Ndani ya gari lililofungwa na kuegeshwa juani joto hupita nyuzi 50, na mvinyo mtamu uliobaki na hamira hai huchacha upya ukasukuma kizibo. Beba boksi la kupozea lenye barafu, na dereva wenu asionje kabisa. Nyumbani, mweupe unywewe kwenye nyuzi 8 hadi 12. Mwekundu nao uingie kwenye friji nusu saa kabla ya kumiminwa, maana joto la chumba la Dodoma au Dar limezidi. Chupa iliyofunguliwa imalizwe ndani ya siku tatu.

Chakula kijijini ni cha kawaida na kitamu: kuku wa kienyeji, mbuzi wa kuchoma, ugali wa uwele na mlenda, na perege wa bwawani wanapopatikana. Agiza mapema, kwa sababu hupikwa kwa idadi. Perege wa kukaanga na Chenin iliyopozwa vinakubaliana vizuri sana. Mlenda na mvinyo mwekundu mkavu havielewani, mmoja usubiri mwingine uishe. Kulala, rudi Dodoma mjini.

Anayevutiwa zaidi na historia ya kanisa aende Bihawana, na akiwa huko apitie mashamba ya Mpunguzi, barabara ileile ya Iringa. Mwenye nia ya kulima aanzie kituo cha utafiti cha TARI Makutupora, kaskazini mwa mji kwenye barabara ya Kondoa, akaulize miche na mbegu kabla ya kuchimba shimo lolote. Chinangali, wilaya ya Chamwino, inafaa kwa anayetaka kuona wakulima wadogo waliopangwa kwenye shamba moja kubwa la umwagiliaji. Hombolo inawazidi wote hao kwa kuwa hapa, ndani ya asubuhi moja, unaona bwawa, shamba, kreti na tangi.

Ukilazimika kwenda Februari au Machi, nenda kwa ajili ya kujifunza magonjwa na kazi ya kupiga dawa, na usinunue mvinyo wa msimu huo kabla ya kuuonja. Piga simu kwanza kuuliza hali ya makorongo, vaa viatu vya mpira, na vioshe kabla ya kuhamia shamba la mtu mwingine ili usimpelekee ugonjwa.